Muulize Shangazi wa Kazini: "Wanagenzi wangu wanaitwa mapolisi wa mabango"

Kabla ya yote, neno kwa kijana wa Buhongwa aliyeniandikia kurasa tatu kuhusu mchumba aliyehamia Geita: barua yako nimeipeleka kwa Anti wa ukurasa wa mahusiano. Mimi ni Shangazi wa kazini. Ninachokijua ni samaki, visu, barafu, na watu wanaochelewa zamu ya asubuhi wakasingizia daladala.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni supavaiza katika kiwanda cha minofu ya sangara huku Ilemela. Uongozi uliniletea wanagenzi sita, ukasema niwaandae wawe viongozi wa maboresho endelevu. Niliwafundisha darasani wiki mbili: kaizen, yaani maboresho madogo madogo yasiyokoma, mzunguko wa panga-tenda-kagua-rekebisha, zile S tano za kupanga na kusafisha mahali pa kazi, kila kitu. Wakabandika mabango ukuta mzima. Miezi mitatu sasa imepita, hakuna kilichobadilika, na akina mama wa mezani wanawaita "mapolisi wa mabango". Nimekosea wapi?*
*Mama wa Zamu, Ilemela*

Marahaba mwanangu. Umewanywesha dawa kabla hawajaumwa. Mwanagenzi hajajua bado kazi yenu inauma wapi, nawe umeshampa tiba yenye jina la Kijapani. Afanye nini nayo? Ataibandika ukutani.

Nikuambie mimi nilivyoanza. Niliingia kiwandani mwaka 1996, mwaka ule meli ya MV Bukoba ilipozama, nikiwa kibarua wa kukata minofu, umri wangu miaka 20. Mwaka 1999 Ulaya ikasimamisha kununua samaki wa ziwa letu la Viktoria kwa hofu kwamba wanavuliwa kwa sumu, tukarudishwa nyumbani. Nikauza maandazi Igogo. Tulipoitwa tena, tulikuta kila meza ina kipimajoto na daftari: pima joto la samaki kila nusu saa, andika, weka sahihi. Wenzangu waliliona lile daftari kama adhabu. Mimi nililipenda kwa sababu kuandika ni kupumzika, mkono unaachana na kisu dakika moja.

Basi nikiandika hivyo kila siku, nikaona saa nane mchana namba zinapanda. Jumatatu zinapanda, Jumanne zinapanda. Barafu ilikuwa inaletwa saa mbili asubuhi, kisha inaletwa tena saa tisa alasiri, na samaki huyu anatakiwa akae kwenye baridi ya barafu inayoyeyuka, yaani karibu na sifuri. Nikamuuliza mwenye toroli kwa nini barafu ya pili isije saa saba. Akanijibu, "Saa saba nakula, dada." Ndiyo hiyo tu! Foromani akamsogezea chakula kwa nusu saa, na namba za saa nane zikatulia. Sikujua kama jambo hilo lina jina. Jina nilikuja kulisikia miaka mingi baadaye kwenye semina yenye chai na sambusa.

Kwa hiyo wape kwanza kalamu na kipande cha boksi. Yule mhandisi wa Toyota, Taiichi Ohno, husimuliwa kwamba alikuwa akichora duara la chaki sakafuni, anamsimamisha kijana ndani yake masaa mengi aangalie kazi tu, kisha anarudi kumuuliza ameona nini. Wewe chaki haitakusaidia, sakafu ya minofu ina maji. Mweke mwanagenzi mmoja karibu na meza moja, asubuhi nzima, ahesabu kitu kimoja. Kimoja tu. Mara ngapi mtu ameacha kazi yake akatembea? Wakati mwingine hiyo inatosha.

Kiwanda kimoja nilichofundisha, binti mwanagenzi alipewa kazi hiyo hiyo. Akachora vijistari kwenye boksi la katoni: ndani ya saa moja, akina mama wa meza yake walikwenda kunoa visu mara 14, na kila anayekwenda anamkuta mnoaji ana foleni. Supavaiza akataka kuajiri mnoaji wa pili. Binti akaomba siku mbili. Kwa nini visu vinakuwa butu haraka? Vinagonga meza ya chuma. Kwa nini vinagonga chuma? Kibao cha plastiki cha kukatia kimekwisha, kimetolewa. Kwa nini hakijaletwa kingine? Kimeombwa. Kwa nini hakijatoka? Akateremka stoo. Karani akafungua droo, fomu ya maombi ipo, imekaa tangu msimu uliopita, kwa sababu kibao hakina namba kwenye kitabu cha stoo na karani anaogopa kutoa kitu kisicho na namba. Ugonjwa ulikuwa mezani, chanzo kimelala kwenye droo ghorofa ya chini. Hakuna bango ambalo lingemfikisha pale. Kilichomfikisha ni kuuliza "kwa nini" bila kuona haya, na miguu.

Ona pia alichoongoza yule binti. Hakumwongoza mtu yeyote: mnoaji si wake, karani si wake, akina mama wale wana umri wa mama yake. Aliongoza tatizo, akalishika mkono kutoka mezani hadi stoo na kulirudisha. Ukisema "viongozi wa maboresho", wanagenzi wako watadhani wamepewa cheo, na wafanyakazi watadhani hivyo hivyo. Futa neno hilo kwa sasa. Mwambie kila mmoja: wewe ni mwenye tatizo la visu, wewe ni mwenye tatizo la barafu. Mambo ya cheo yatajileta.

Sasa hilo la "mapolisi". Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo wengi wanapotereza. Akina mama wako wanalipwa kwa kilo, au kwa siku? Kama ni kwa kilo, kijana anayesimama nyuma yao na kalamu anahesabu riziki yao. Hata mimi ningemficha kazi yangu, ningekata polepole akiwepo na haraka akiondoka. Na kama ni vibarua wa siku, wanajua kitu kimoja kuhusu maboresho: watu 12 wakiweza kufanya kazi ya 15, watatu kesho getini hawaitwi. Wamekwisha kuona hivyo kwingine. Kicheko chao ni woga uliovaa khanga.

Nenda kwa meneja wako, mwombe aandike barua moja, aibandike kwenye ubao wa matangazo, asome mwenyewe mbele ya zamu zote mbili: hakuna atakayekosa kazi wala kupunguziwa malipo kwa sababu ya jambo lililoboreshwa na wanagenzi. Akikataa kuiandika, mwanangu, simamisha zoezi. Sema kweli kwa wale watoto kwamba hawataweza, wasibebeshwe lawama ambayo si yao.

Akikubali, mwombe mambo mengine mawili. La kwanza, awe anafika mezani mara moja kwa wiki, robo saa, wote mkiwa mmesimama mbele ya ubao wenye namba za wiki hiyo. Asikaribishwe kiti, akikaa ataanza hotuba. La pili, fedha kidogo ambayo mwanagenzi anaweza kutumia bila sahihi nne. Shilingi 50,000 kwa mwezi inatosha kununua kamba, rangi, kibao, bawaba. Nimeona boresho zuri likifa kwa kukosa bawaba.

Hao sita usiwaweke pamoja, wagawe, kila mmoja na mfanyakazi mkongwe mmoja, na jina la mkongwe litangulie kwenye ubao. Jaribio lifanywe meza moja, siku moja, kisha namba zilinganishwe na za jana. Likishindwa, liandikwe kwamba limeshindwa. Likifaulu wiki tatu mfululizo, ndipo liwe utaratibu, liandikwe karatasi moja kwa Kiswahili cha mezani, na mwanagenzi alifundishe kwa meza ya pili yeye mwenyewe. Hapo ndipo utamjua nani ameiva.

Na mabango yale? Yatoe usiku, wasione.

*Shangazi, shikamoo. Niko Nyakato, mwanagenzi wa umeme na mitambo, mwaka wa pili. Chuoni wiki moja, kiwandani wiki tatu. Mimi naona makosa mengi sana, lakini nikisema, fundi wangu ananijibu "umekuja jana". Juzi nilipeleka orodha ya makosa 11 kwa meneja, sasa fundi haniongeleshi kabisa. Nifanyeje?*
*Mwanagenzi, Nyakato*

Marahaba. Makosa 11! Mjukuu wangu, hata malaika wa kuandika dhambi huanza na moja.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanaupenda sana msemo huo mpaka siku mgeni anapoanza kutibu. Wewe una kitu ambacho fundi wako amekipoteza bila kujua: hujazoea. Mlango unaolia miaka sita, yeye hausikii tena. Wewe unausikia. Lakini huyo huyo fundi ana kitu ambacho wewe huna, anajua kwa nini.

Nikupe mifano miwili, mmoja wa kunivunjia heshima mimi na mmoja wa kukuvunjia wewe.

Nilipokuwa mkuu wa uzalishaji, mwanagenzi mmoja, kijana mpole wa Sengerema, alikuja kuniambia kwamba chumba cha baridi kinafunguliwa mara nyingi na watu wasiochukua samaki. Nilikuwa na mzigo wa kontena unasubiri. Nikamwambia, "Fanya ulichoagizwa." Akaenda. Hakuja tena kuniambia jambo lolote mpaka mkataba wake ukaisha. Baadaye akaja mkaguzi wa mnunuzi kutoka Ulaya, akasimama pale mlangoni dakika 20 na saa mkononi, akaandika kwenye ripoti yake: aproni na mabuti ya ziada yanahifadhiwa kwenye kijichumba ambacho njia yake ni kupitia chumba cha baridi. Kila anayebadili aproni anafungua mlango. Kijana wangu alikuwa ameliona mapema, bure, na mimi nikaja kulinunua kwa mgeni kwa tiketi ya ndege. Sijawahi kumpata nimwombe radhi.

Huo ni wangu. Sasa wako. Kiwanda kingine, mwanagenzi hodari aliona kitambaa kichafu kimefungwa kwenye bomba juu ya paneli ya umeme. Uchafu! S ya kwanza inasema ondoa usichokihitaji. Akakitoa, akakitupa, akapiga picha ya "kabla na baada". Usiku ule bomba likatoa jasho kama kawaida yake, matone yakaingia kwenye paneli, mota ya konveya ikazima. Fundi alikuwa amekifunga kitambaa kile akisubiri bomba lifungwe sponji ya kuzuia baridi, ambayo alikuwa ameiomba mara tatu. Kitambaa kilikuwa ujumbe. Kijana hakuuliza ujumbe unasemaje.

Basi kesho fika mapema kuliko fundi wako. Mwamkie. Usimwombe radhi kwa maneno mengi, mwambie tu, "Mzee, ile orodha nilikosea kuipeleka kabla yako." Kisha mwombe akusimulie historia ya mashine moja, ile inayomsumbua zaidi. Ilifungwa lini, ilivunjika mara ya kwanza wapi, nani aliichomelea. Fundi anayesimulia mashine yake hanyamazi mpaka chakula cha mchana. Andika. Ndani ya simulizi hiyo utasikia tatizo linalomkera yeye, pengine namba saba kwenye orodha yako. Hilo ndilo uanze nalo.

Mpelekee namba, hukumu mwachie. "Mzee, wiki hii tumebadili beringi hii mara mbili, mwezi jana mara tano, mimi sielewi" ni tofauti na "Beringi zinafungwa vibaya." Ukimwambia la pili umemtukana, maana anayezifunga ni yeye. Na siku ya kujaribu, spana aishike yeye. Wewe shika kalamu.

Kuna mafundi ambao hata ukiwaamkia kwa magoti hawatabadilika, nakubali. Wapo. Ukimpata wa namna hiyo, jifunze mikono yake, maneno yake yaache, na daftari lako lifiche vizuri.

*Shangazi nina gereji Mabatini, vijana wanne. Nikiwafundisha kuboresha kazi, kupanga vifaa, kuhesabu muda na kadhalika, si wataondoka wakafungue gereji zao?*
*Mwenye Gereji*

Wataondoka. Hata usipowafundisha wataondoka, tena na spana yako ya 14. Andikishaneni mkataba wa uanagenzi wenye muda na posho, upunguze kubahatisha. Na kila kazi mnayoigundua njia yake nzuri, kijana aiandike kwenye daftari la gereji, kwa michoro kama hapendi kuandika: namna ya kushusha gia boksi ya Hiace bila kumpigia kelele mtu wa pili, boliti zinakaa kopo gani. Akiondoka, daftari linabaki, na anayefuata anaanzia pale yeye alipoishia. Sasa hivi akiondoka unabaki na nini?

*Dada yangu, salaam. Binti yangu yuko Leicester, Uingereza. Ananiambia ameajiriwa kama "mwanagenzi wa maboresho" na atapata cheti. Mimi uanagenzi ninaoujua ni wa seremala na fundi bomba. Kweli kuna kitu kama hicho, au anafagia huko na anaona haya kuniambia?*
*Baba mwenye wasiwasi, Nyegezi*

Salama kaka yangu. Lala usingizi, kipo. Na hata kama anafagia, kufagia vizuri ni S ya tatu.

Uingereza wana uanagenzi wa kazi za ofisini na hospitalini kama walivyo nao wa bomba. Huu wa maboresho umepangwa kwa ngazi, kuanzia ya 3 ambayo ni ya fundi wa maboresho, ya 4 ya mtendaji, ya 5 ya mtaalamu, hadi ya 6 ya kiongozi. Mwanagenzi ni mwajiriwa mwenye mkataba na mshahara, na sehemu ya saa zake za kazi hutengwa kwa ajili ya kusoma. Fedha za mafunzo kwa waajiri wakubwa hutoka kwenye tozo iliyoanza Aprili 2017: kampuni ambayo mishahara yake kwa mwaka inazidi pauni milioni 3 hulipa asilimia 0.5. Nasi Bara tunayo tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL ambayo wahasibu huilalamikia kila mwezi, na sehemu yake huenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi.

Kinachonivutia katika utaratibu wao ni namna ya kumpima. Mtu wa ngazi ya 4 hapiti kwa kujibu maswali ya karatasi peke yake. Lazima awe ameshika mradi wa kweli pale kazini kwake, auandikie ripoti, kisha akae mbele ya mtahini amweleze alifanya nini na kwa nini. Muulize binti yako swali hilo hilo kwenye simu: "Mwanangu, umeshika tatizo gani?" Akikujibu kwa habari za foleni ya wagonjwa au maboksi yanayorudishwa, furahi. Akikutajia mikanda ya rangi, njano, kijani, nyeusi, kama ya karate, muulize tena. Mikanda hiyo, yaani ngazi za ujuzi, ipo kweli kwenye fani yao, ila watu huikusanya kama vitenge.

Kwetu hapa VETA wana uanagenzi pacha, chuo huku na kiwanda kule, kama anavyosoma huyo mjukuu wa Nyakato hapo juu. Fani zake nyingi ni za ufundi. Mimi ningependa kila fundi anayemaliza awe na mradi mmoja wa kuboresha, wenye namba za kabla na za baada, uwe sehemu ya mtihani wake. Nimelisema hili kwenye vikao vitatu. Kikao cha nne sikualikwa.

*Shikamoo Shangazi. Ni muuguzi kiongozi katika kituo cha afya Ukerewe. Tulifundishwa S tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Wageni wakija kukagua, kabati la dawa linapendeza, lebo zote zipo. Wiki mbili baadaye ni vurugu tupu. Tuna pia sanduku la maoni, limeota kutu. Nina wanafunzi wanne wa uuguzi wa mafunzo kwa vitendo. Naweza kuwatumia?*
*Sista, Nansio*

Marahaba Sista. Pole, hilo ni la wengi. Njia hii imetembea mbali kukufikia: kutoka viwanda vya Japani, ikapita hospitali ya wanawake ya Castle Street kule Colombo, Sri Lanka, na kwetu ikaanza na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la maendeleo la Japani. Kote huko S nne za mwanzo ni mikono tu. Ya tano ni tabia, nayo haifanywi na wageni.

Wanafunzi wanne unao, watumie, ila usiwape kabati walipange. Watalipanga vizuri na litavurugika vile vile. Wape swali: nani anavuruga, saa ngapi, akitafuta nini? Waandike kwa siku saba, zamu ya usiku ikiwemo. Dau langu ni kwamba zamu ya usiku inatafuta vitu vitatu au vinne tu, vile vile kila siku, gizani, na vimewekwa rafu ya juu kwa sababu alfabeti ndivyo ilivyoamua. Visogezwe usawa wa mkono. Kabati lililopangwa kwa ajili ya anayelitumia saa tisa usiku halihitaji mkaguzi sana.

Wanafunzi wako wataondoka baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo kila mmoja afunge ndoa na mhudumu wa kudumu mmoja, hata wa usafi, na siku ya kuaga awe yule wa kudumu ndiye anayeeleza mbele yenu, mwanafunzi akisikiliza.

Sanduku la maoni ling'oeni. Toyota wameendesha utaratibu wa maoni ya wafanyakazi tangu mwaka 1951, na unaishi kwa sababu anayesema anajibiwa. Weka ubao wenye safu tatu: aliyesema, alichosema, tulichojibu na tarehe. Jibu likiwa "haiwezekani, hela hakuna", andika hivyo hivyo. Watu huvumilia "hapana". Kinachowachosha ni kimya.

*Shikamoo dada. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Ninao vijana watatu, mmoja mjukuu wangu. Nasikia mnazungumza viwanda, viwanda. Sisi wa jua na mchanga hatumo?*
*Bibi Dagaa*

Marahaba bibi, ingawa nahisi mimi ndiye ningepaswa kukuamkia. Shikamoo.

Mumo, tena nyie ni wepesi kuliko kiwanda kwa sababu hamna fomu. Nadhani dagaa wako wengine unaanika chanjani na wengine bado chini. Usiwahubirie vijana kuhusu chanja. Chukua yule mjukuu, kama ndiye anayeuliza maswali mengi mpaka anachosha, mpe mizani na daftari. Kwa siku saba, kila gunia likichekechwa apime mchanga na vipande vilivyovunjika, vya chini peke yake, vya chanjani peke yake. Aandike na bei uliyouzia kila aina, na siku iliyonyesha aandike mvua. Siku ya nane keti naye, akusomee. Usimkatize hata kama unajua jibu, na najua unalijua.

Kisha mwache aamue chanja ya pili ijengwe wapi na kwa miti ya aina gani. Atakosea urefu, chanja zote za kwanza huwa ndefu mno kwa mkono wa mwanamke anayegeuza dagaa. Wewe ndiye utakayemwambia baada ya siku ya kwanza, mgongo ukikuuma, naye ataikata.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitapita hapo Mwaloni asubuhi. Niwekee kilo mbili, za chanjani, na daftari nilione.